Faili moja, nyumba moja: shajara ya mradi wa Majengo

20 Januari 2025

Baada ya mjadala mrefu na timu nzima ya kituo chetu cha afya, leo tumekubaliana: mafaili ya wagonjwa wa muda mrefu hayatapangwa tena kwa ugonjwa. Yatapangwa kwa nyumba. Bibi mwenye presha, mwanawe mwenye sukari, mjukuu mwenye pumu na mkaza mwana mjamzito, ikiwa wanakula chungu kimoja, karatasi zao zitakaa ndani ya jalada moja. Na kila wakija watahudumiwa na watu walewale: mimi, afisa wa kliniki mmoja na sista mmoja.

Sababu ni hii. Rejista yetu ya presha imejaa majina ya watu waliokuja mara moja, wakaandikiwa dawa, wasionekane tena. Ukiuliza fulani yuko wapi, rejista haina jibu, kwa sababu haikuwahi kujua anaishi na nani, nani humpikia, wala nani humpa nauli. Mtu wa namna hiyo tunakuja kukutana naye tena kiharusi kikishampiga, na hapo tunaandika rufaa kwenda hospitali kubwa. Nimeandika rufaa za aina hiyo nyingi kupita kiasi.

Mimi ni daktari wa familia. Taaluma hii ni changa hapa Kenya. Chuo Kikuu cha Moi kule Eldoret ndicho kilichoanza kuifundisha kama shahada ya uzamili mwaka 2005, na hadi leo wagonjwa huniuliza natibu kiungo gani. Nawaambia natibu mtoto na mzee, mjamzito na fundi wa viatu, na kwamba nikishamjua mtu sitaki apotee. Hiyo ndiyo kazi yenyewe, na mradi huu ni jaribio la kuifanya jinsi nilivyofundishwa.

Majengo panafaa kuanzia. Ni sehemu ya Pumwani, Nairobi, mtaa ambao serikali ya kikoloni iliupanga miaka ya 1920 kwa ajili ya Waafrika waliofanya kazi mjini. Nyumba za zamani zimejengwa kwa mtindo wa pwani: ukumbi katikati, vyumba kushoto na kulia, ua nyuma. Siku hizi kila mlango una familia yake, lakini choo, bomba na moshi ni vya wote. Ukiingia ukumbi mmoja umeingia kwa watu wengi.

Ukurasa wa kwanza wa faili hautakuwa na ugonjwa hata mmoja. Utakuwa na haya: nani wanalala humu, nani anapika, anapikia nini, nani analeta pesa na huzileta lini, maji yanatoka wapi, mashambani kwao ni wapi, na simu ya mtu mmoja wa nyumba ambaye wote wamekubali apigiwe.

27 Januari

Sista amezua swali ambalo lilistahili kuja mapema. Binti anayepanga uzazi bila mamake kujua, karatasi yake itakaa wapi? Na mume ambaye hajamwambia mkewe kwamba anatumia dawa za virusi vya Ukimwi?

Tumelikalia hili mchana kutwa. Uamuzi: kila mtu ana bahasha yake ndani ya faili, imefungwa, na hakuna anayefunguliwa bahasha ya mwenzake, hata kama ni mke, mama au mwenye nyumba. Huduma za virusi zinabaki kliniki yake kama zilivyo. Ukurasa wa kwanza tu ndio wa wote, na ndiyo maana tumeuweka bila ugonjwa. Mtu akikataa kuingizwa kwenye faili la nyumba, anabaki na kadi yake ya zamani na anatibiwa vilevile.

Siwezi kuendelea na mradi huu ikiwa mtu mmoja tu ataumbuliwa na karatasi yetu.

5 Februari

Mafunzo na wahudumu wa afya ya jamii. Tangu Septemba 2023 wana mikoba iliyotolewa na serikali: mashine ya presha, mashine ya sukari, mizani, kipimajoto na simu ya kuingizia takwimu. Kwa mpango wa kitaifa kila mmoja anaangalia nyumba zipatazo 100. Wanawajua majirani zao kwa namna ambayo sisi wa kituoni hatutawahi kuwajua.

Utafiti wa kitaifa wa 2015 ulionyesha kwamba karibu robo ya watu wazima Kenya wana presha ya juu, na zaidi ya nusu walikuwa hawajawahi kupimwa maishani. Kwa hiyo kupima ni lazima. Lakini kupima ovyo nako kuna madhara: unampa mtu dawa ya kunywa maisha yake yote kwa namba isiyo yake.

Kinamama wa Gikomba wanafika sokoni kabla ya alfajiri kufungua marobota ya mitumba. Wakipita kituoni saa nne wamekwisha kubeba, kupatana bei na kukimbizana na mikokoteni, na wanataka wapimwe haraka warudi kwenye biashara. Ukimpima pale mlangoni namba itapanda. Tumeweka benchi lenye egemeo kivulini. Anakaa dakika tano, mgongo umeegemea, miguu yote miwili chini, haikukunjwa nne, mkono juu ya meza usawa wa moyo, na hapigi soga wakati mkanda unakaza. Tunapima mara mbili. Mkanda nao ni jambo kubwa: mdogo kwenye mkono mnene huipandisha namba, na iliyomo kwenye mikoba ni ya saizi moja. Nimeomba mikanda mikubwa, na mpaka ifike, wenye mikono minene wanapimwa kituoni tulipo nao mmoja.

Mtu hasemwi kuwa ana presha kwa siku moja. Tunataka 140 juu au 90 chini, au zaidi ya hapo, siku tofauti. Isipokuwa akifika 180 kwa 110: huyo naletewa siku hiyohiyo.

Mhudumu mmoja, mama mtu mzima, aliuliza: "Daktari, na akiwa hana dakika tano?" Nikamwambia amrudie jioni nyumbani, akishaketi. Akasema hapo ndipo yeye humpata kila siku. Tangu leo kipimo cha pili kinachukuliwa nyumbani.

24 Februari

Wiki hii nzima ni maandalizi ya Ramadhani. Kwa mtaa kama huu, daktari asiyejipanga kabla ya mwezi mwandamo atautumia mwezi wenyewe kuzimua wagonjwa.

Tumepitia mafaili na kumwita kila mwenye kisukari. Karibu wote walikuja na neno moja: nitafunga. Nimewahi kuona mgonjwa akikatazwa kwa ukali, akaitikia "sawa daktari", akaenda akafunga kimyakimya bila kubadili dawa. Huyo ndiye wa kuogopewa. Kwa hiyo tunaanza na anachokitaka yeye, kisha tunatazama hali yake.

Wapo niliowaomba wasifunge, na nimekaa na kila mmoja: mjamzito anayetumia insulini, wenye figo zilizochoka, kijana ambaye mwili wake hautengenezi insulini kabisa, na yeyote aliyezirai kwa sukari kushuka miezi ya karibuni. Waliobaki tumewapangia. Metformini, kidonge cha sukari, ya mara mbili haina shida, inahamia futari na daku. Kidonge kingine, glibenklamidi, ndicho kinachonitia wasiwasi, maana huendelea kushusha sukari mchana kutwa tumbo likiwa tupu. Kwa waliokuwa nayo tumepunguza dozi ya daku au tumebadilisha dawa. Wa insulini, kila mmoja na hesabu yake.

Imamu wa msikiti wa jirani alikubali kuzungumza nasi baada ya Isha. Alisoma aya ya 185 ya Suratul Baqara, inayompa mgonjwa ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine, akaeleza kwamba kuchoma kidole kupima sukari hakufunguzi. Hilo la kidole lilikuwa likiwazuia wengi. Baada yake nilisimama nikataja namba mbili tu: ikishuka chini ya milimoli 3.9, au ikipanda juu ya 16.7, unafungua papo hapo, hata kama adhana ya Magharibi imekaribia. Imamu akarudia namba hizo yeye mwenyewe kwa sauti yake. Nilimshukuru kwa hilo kuliko kwa lote.

Halafu chakula. Hapa ukurasa wa kwanza umeanza kulipa. Badala ya kumhubiria mgonjwa, tulimtafuta anayepika. Mbaazi za nazi na mahamri, tambi za sukari, viazi karai, uji mzito, tende sahani nzima: hii ni futari ya heshima na sitaki kumnyima mtu furaha ya mwezi wake. Tunasema tende tatu, mbaazi ndiyo, mahamri moja badala ya manne, na tambi zipikwe kwa chumvi siku nyingi kuliko za sukari.

Katika nyumba moja mpishi ni mkaza mwana, na hakuwahi kuambiwa kwamba mama mkwe wake ana kisukari. Ameishi naye miaka, anamtilia chai sukari vijiko vitatu kila asubuhi kwa mapenzi. Tulimwomba ruhusa mama mkwe kwanza. Alifikiri kidogo, akasema, "Mwambieni, ni mwanangu." Binti alipoambiwa alilia, kisha akauliza maswali mengi na mazuri kuliko wagonjwa wenyewe.

19 Machi

Katikati ya mwezi. Mzee mmoja alitetemeka baada ya Alasiri, jasho likamtoka. Mjukuu akamkimbilia mhudumu wa ukumbi wao, kipimo 3.4. Mzee alitaka kusubiri Magharibi. Mhudumu akamkumbusha maneno ya imamu, akanywa juisi, akala. Nimempunguzia dawa. Wengine wote tunaowafuatilia wanaendelea vizuri.

9 Aprili

Dawa za presha zimeisha kituoni, na hatujui shehena itafika lini. Mvua za masika nazo zimeanza, njia za ndani ni tope tupu. Tumeandikia watu wakanunue.

Lakini upungufu huu umetufunulia jambo kubwa kuliko wenyewe, na nataka kuliandika kwa kirefu.

Kuna mama wa makamo ambaye presha yake imegoma kushuka tangu Januari. Anatumia amlodipini ya miligramu 5, anahudhuria kila tarehe, hana dharau hata kidogo. Mwongozo unasema mtu ambaye hajashuka kwa dawa moja aongezewe dozi au dawa ya pili. Kabla ya kuandika tulifungua faili la nyumba yake, maana ndivyo tulivyoagana. Ukurasa wa kwanza: wanalala wanne, mmojawapo ni dadake mkubwa. Bahasha ya dada: ana presha pia, alitibiwa zahanati nyingine, kadi yake ni ya zamani. Hakuna mahali palipoandikwa anapata wapi dawa sasa.

Mhudumu alikwenda nyumbani na hakuuliza "unakunywa dawa?" Swali hilo jibu lake ni ndiyo kila siku. Aliomba aonyeshwe dawa zilizobaki, wahesabu pamoja. Vidonge 30 vya mwezi vilikuwa vikinywewa na watu wawili, mmoja leo, mwenzake kesho. Dada mkubwa aliacha kibarua cha kufua nguo Eastleigh magoti yalipomzidi, na tangu hapo hana nauli ya kliniki wala ya kununua dawa. Mdogo wake hakuona namna ya kunywa kidonge huku mkubwa wake anamtazama.

Ningemwongezea dawa ya pili, nayo ingegawanywa hivyohivyo.

Walikuja wote wawili Jumatatu. Dada mkubwa alinyenyekea sana, akaniambia, "Daktari mwanangu, usimgombeze, mimi ndiye niliyeomba." Nani angemgombeza? Nilimwambia mdogo wake amefanya jambo la udugu, na kwamba sasa kila mmoja atapata vidonge vyake. Tumemsajili dada pale kituoni, tumehakikisha wote wako kwenye bima mpya ya afya, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, na tarehe zao za kliniki tumezifanya siku moja ili watembee pamoja.

Tangu hapo tumeweka kanuni: hakuna anayeongezewa dawa ya presha kabla vidonge vyake havijahesabiwa nyumbani. Na tumekwisha kuona sio nyumba hii peke yake. Mume na mke wanagawana. Mama na mwanawe wanagawana. Kwingine dawa inanywewa siku kichwa kikiuma tu, iliyobaki inawekewa mgeni.

14 Mei

Bibi mwenye sukari, yule wa ukumbi ulio karibu na msikiti, amekuwa akikohoa. Duka la dawa lilimpa antibiotiki, akapata nafuu kidogo, kikarudi. Mwenye kisukari ana hatari ya kupata kifua kikuu mara mbili hadi tatu ya asiye nacho, kwa hiyo sista hakumruhusu aondoke bila kutoa makohozi. Mashine ya GeneXpert hutoa jibu ndani ya saa mbili hivi, na husema pia kama vijidudu vimezoea rifampisini, dawa kuu ya kifua kikuu. Jibu: ana TB, na dawa za kawaida zinamfaa. Matibabu ni miezi sita, bure.

Zamani tungemwambia, "Walete watu wa nyumbani kwako wapimwe," na wangekuja wawili baada ya wiki tatu. Safari hii orodha ilikuwa mkononi: wanalala watano kwenye chumba chenye dirisha moja dogo, mmoja mtoto wa miaka mitatu, mwingine mjamzito. Mhudumu aliwakuta wote jioni ileile. Asubuhi walikuwa kwenye benchi letu. Hakuna mwingine aliyekutwa na ugonjwa, na mtoto ameanza dawa ya kukinga.

Rifampisini hupunguza nguvu ya baadhi ya vidonge vya sukari, kwa hiyo sukari ya bibi inapimwa nyumbani kila wiki. Mkojo wake utakuwa mwekundu kama wa chungwa. Tulimwambia mapema, naye akawaambia majirani wa ukumbini wasishtuke chooni.

11 Juni

Watoto wenye pumu wanaorudi kila mara wanatoka nyumba ambazo ukurasa wa kwanza unasema "makaa" au "mafuta ya taa", na jiko linakaa ndani mvua ikinyesha. Si ugunduzi. Ila sasa tunazo nyumba hizo kwa majina na tunaweza kuzungumza na ukumbi mzima pamoja, maana jiko la jirani linamkohoza mtoto wa mwenziwe. Kumbi mbili zimekubaliana kupikia uani chini ya bati. Mwenye nyumba mmoja amelitoa bati.

7 Julai

Saba Saba, siku ya maandamano. Barabara kuu zimefungwa. Kliniki ya leo imehamishiwa keshokutwa. Wahudumu wamewapigia simu wa mafaili, wenye dawa za kuishia leo wamepelekewa kwa miguu.

21 Julai

Tumekaa kutazama nusu mwaka. Kinachonifurahisha zaidi ni kwamba wanarudi. Sista ananiambia hahitaji tena kuuliza "wewe ni nani", anauliza "mjukuu amepona?" Wapo ambao presha zao zimetulia kwa dawa ileile waliyokuwa nayo Januari, baada ya kupata vidonge vyote 30.

Kinachonisumbua ni kuhama. Kodi ikipanda familia inahamia Shauri Moyo au mbali zaidi. Moto ukiwaka Gikomba, mtaji unaisha usiku mmoja na watu wanatawanyika. Tulikuwa tumepanga mafaili kwa milango. Tumebadilisha: faili sasa linafuata chungu. Wakihama pamoja, linahama nao, na nakala ya ukurasa wa kwanza inapelekwa kituo cha huko kwa idhini yao. Sheria ya Huduma ya Afya ya Msingi ya 2023 inataka vituo vidogo na hospitali ya karibu vifanye kazi kama mtandao mmoja, kwa hiyo njia ya kupitishia faili ipo. Inahitaji mtu wa kuipokea upande wa pili, anayejua jina la anayekuja. Nimeanza kuwatembelea wenzetu hao mmojammoja.

La pili ni uhamisho wetu wenyewe. Daktari anaweza kupelekwa kwingine kwa barua moja. Kuanzia sasa kila nyumba inajulikana na angalau wawili wetu, na anayeondoka atazunguka kumbi zake pamoja na anayeingia, amjulishe kwa watu ana kwa ana. Nimeandika hili kwenye mwongozo wa kituo na msimamizi ametia sahihi.

4 Agosti

Shule zimefungwa na wengi wanaenda mashambani. Miaka iliyopita Agosti na Desemba ndiyo miezi watu walikatiza dawa. Safari hii tumepitia ukurasa wa kwanza, tukawaita wanaosafiri, na walio na presha iliyotulia wamepewa dawa za miezi miwili. Dawa zimerudi kituoni kwa wingi wa kutosha, alhamdulillahi. Wale dada wawili wanaenda pamoja. Kila mmoja ametoka na pakiti zake, zimeandikwa jina.

Mikanda mikubwa ya presha imefika, mitatu. Wahudumu wamegawana kwa zamu.

Jumatatu ijayo tunaanza kumbi za upande wa Digo Road. Majalada mapya yako tayari, na yule mkaza mwana aliyekuwa akipika chai ya vijiko vitatu ameomba kufunzwa uhudumu wa afya ya jamii. Nimempa fomu.